Jina la babu yangu, jina la babu yake

Ujumbe wa sauti uliingia nikiwa naosha vyombo vya futari. Ulikuwa wa mdogo wangu, binti wa mama mdogo, yuko Tanga.

"Dada, shikamoo. Samahani nakusumbua saa hizi. Nimefika pale kwenye jina. Nimeandika langu nikafuta, nimeandika la mume wangu nikafuta. Sasa niandike lipi?"

Nyuma yake nilimsikia mavyaa wake, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua: "Andika la mumeo, mwanangu. Wazungu waone mmeoana."

Alikuwa anajaza fomu ya viza ya mke ili aje kwa mumewe, Leicester, Uingereza. Ni fomu ndefu ya mtandaoni, inauliza mpaka tarehe ya kuzaliwa ya mama yako mzazi. Hayo yote ameyajibu. Lililomkwamisha ni jina lake mwenyewe.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni: andika lililoko kwenye pasipoti. Ni jibu sahihi, na mwanasheria yeyote wa uhamiaji atakupa hilohilo kisha akuandikie ankara. Lakini kabla sijalituma nikamwambia anipigie picha ukurasa wa pasipoti.

Pasipoti ilikuwa na jina la mume.

Hakuwa ameliomba. Baada ya harusi makaratasi yote yalishughulikiwa na shemeji yake, kuanzia kitambulisho cha taifa cha NIDA, na kwa kuwa shemeji ni mtu wa ofisini akaona afadhali mambo yakae sawa tangu mwanzo. Yeye alitia sahihi pale alipoonyeshwa. Cheti cha kuzaliwa kina jina la baba. Cheti cha kidato cha nne kina jina la baba. Pasipoti mpya, bado inanukia gundi, ina jina la ukoo wa mume.

Kumbe hakuwa anauliza achague lipi. Alikuwa anauliza kama anaweza kurudi.

Wiki kadhaa sasa jambo hili halinitoki kichwani.

Visanduku viwili

Kwetu pwani mtu ana jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Majina yangu siyaandiki hapa, mnajua mtandao ulivyo, ila mpangilio ndio huo. Ukiniuliza pale Ngamiani, Tanga, "wewe wa nani?", nataja la baba. Mzee asiporidhika naongeza la babu, na hapo yeye ndiye atakayenieleza mimi babu yangu alikuwa akiuza nini na alihama Pangani kwa ugomvi gani.

Pasipoti haina habari na hayo. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya herufi na alama, kila mstari una nafasi 44, na hiyo ndiyo inayosomwa na mashine za viwanja vya ndege dunia nzima. Mstari wa kwanza unaanza na aina ya hati, kisha nchi, linafuata jina la ukoo, kisha alama mbili kama vichwa vya mishale, kisha majina mengine yote kwa pamoja. Nafasi ya wewe, ya baba na ya babu haipo. Kuna ukoo na kuna mengineyo. Basi jina la tatu linasukumwa kwenye ukoo, na langu na la baba yanabanana upande wa pili.

Ndiyo maana hapa Coventry naitwa kwa jina la babu. Kwa daktari, benki, shuleni kwa mtoto, mimi ni Bibi Fulani, na huyo Fulani ni mzee aliyefariki kabla sijazaliwa. Mara ya kwanza kuitwa hivyo kwenye chumba cha kusubiri sikuinuka. Nilidhani anaitwa mtu mwingine, nikaanza kumtafuta kwa macho.

Mume wangu naye yuko vilevile. Kwao ni Wete, Pemba. Jina lake la ukoo, kwa mujibu wa pasipoti, ni la babu yake mzaa baba.

Sasa jiulize: kwa watu kama sisi, kuchukua jina la mume ni kuchukua lipi? La kwake hasa ni la kwanza, lile analoitwa na mama yake. La pili ni la mkwe wangu. La tatu, hilo linalokaa kwenye kisanduku cha ukoo, ni la mzee wa Wete ambaye hata mume wangu alimwona akiwa mdogo sana, hakumbuki ila ndevu. Fomu inaponiuliza kama natumia jina la mume, kwa hesabu yake inaniuliza kama niko tayari kumwacha babu yangu nimchukue babu yake. Wazee wawili ambao hawakuwahi kuonana, na wote wawili hawakuwahi kuombwa ruhusa.

Nilimweleza mume wangu hivyo, akacheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akasema, "Lakini babu yangu alikuwa mtu mzuri."

"Wazungu waone mmeoana"

Hofu ya yule mavyaa si ya kupuuza. Iko katika kila nyumba yenye ombi la viza ya ndoa: kwamba mahali fulani kuna ofisa ataona majina mawili yasiyofanana, atasema hawa hawajaoana, wamepangana. Nilipojaza ya kwangu niliishi nayo. Jirani mmoja wa mama aliapa kuwa binti wa fulani alinyimwa viza kwa sababu hiyo hiyo. Huyo binti wa fulani yuko kila mji. Sijawahi kukutana naye.

Wanachotafuta ni vitu vingine, na ni vingi. Cheti cha ndoa, na tafsiri yake kama hakiko kwa Kiingereza. Ushahidi kwamba mmeonana ana kwa ana na mnaendelea kuwasiliana. Mapato ya mdhamini, yaani mume au mke aliyeko Uingereza, ambayo tangu 11 Aprili 2024 yamepanda kutoka pauni 18,600 kwa mwaka hadi 29,000, na hapo ndipo ndoa nyingi za kweli zinapokwama. Pa kuishi. Kiingereza cha kuanzia. Cheti cha kifua kikuu kwa anayetoka Tanzania. Na pesa ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, inayolipwa yote mbele, kwa viza ya kwanza inafika 3,105.

Kufanana majina ya ukoo hakumo.

Kilichomo ni swali dogo ambalo watu hulipita haraka: umewahi kujulikana kwa jina jingine lolote? Pale ndipo jina la baba linapokaa kama pasipoti ina la mume, au la mume linapokaa kama umeanza kulitumia mahali popote. Hawakuulizi kwa sababu wanataka uchague upande. Wanakuuliza ili cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na pasipoti vionekane ni vya mtu mmoja.

Tena kwa Waingereza wenyewe hakuna sheria inayomlazimisha mke achukue jina la mume. Ni desturi, na desturi hiyo ina historia isiyopendeza. Sheria yao ya kale iliwahesabu mume na mke kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Mali aliyokuja nayo mke ilikuwa chini ya mkono wa mumewe, mpaka sheria ya mali ya wanawake walioolewa ya mwaka 1882 ilipobadilisha mambo. Bibi zetu wakati huo walikuwa wanaolewa na minazi yao na wanaachika na minazi yao. Katika sharia ya Kiislamu mali ya mke ni yake, na jina lake ni lake. Masheikh wetu husoma Suratul Ahzab, aya ya 5, "Waiteni kwa baba zao." Aya ilihusu watoto wa kulea, ilipokatazwa Zaid bin Haritha kuitwa mwana wa Muhammad, lakini wao huichukua kuwa kanuni ya nasaba yote. Bibi Aisha aliolewa na Mtume mwenyewe, akabaki Aisha binti Abubakar.

Wala huhitaji kwenda mbali hivyo. Siti binti Saad aliimba akiwa binti Saad na alikufa 1950 akiwa binti Saad. Bibi Titi Mohamed aliolewa zaidi ya mara moja, na jina alilolipeleka kwenye mikutano ya TANU lilikuwa la baba yake. Rais Samia ameolewa na Mzee Hafidh Ameir tangu 1978, na mizinga 21 inapigwa kwa heshima ya Suluhu Hassan.

Kwa hiyo hoja nilikuwa nazo: dini, desturi, sheria. Nilizipanga vizuri, nikampelekea shoga yangu.

"Wangu nilimchagua"

Shoga yangu ni wa Moshi, nesi, alifunga ndoa kanisani kwa Walutheri, na Jumatatu iliyofuata alikuwa tayari anatumia jina la mume. Kwao hilo halikuwa na mjadala. Maria Gabriel Magige alikuja kuwa Mama Maria Nyerere na hakuna aliyemwonea huruma. Wengine bara hubeba yote mawili, kama Anne Kilango Malecela. Yeye alitaka moja.

Alinisikiliza mpaka mwisho, anakunywa chai.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hilo unalolipigania ni la mwanaume. La babako ni la mwanaume, la babu yako ni la mwanaume aliyezaa mwanaume. Wote tumebeba majina ya wanaume, shoga. Tofauti ni moja. Wangu nilimchagua."

Sikuwa na la kusema. Nilijifanya naangalia simu.

Nililala na sentensi hiyo siku nyingi. Nilitaka kumjibu kwamba nasaba si jambo la kuchaguliwa, na ndiyo maana ina nguvu. Baba ni baba hata mkigombana, mume akitoa talaka ni mtu wa njiani. Lakini nilijua angenijibu nini. Angesema hata yeye akiachika jina linabaki, kwa sababu amelifanyia kazi: limeandikwa kwenye beji yake ya wodini, wagonjwa wanalijua, watoto wake wanalo. Jina unalolivaa miaka 15 si la mtu mwingine tena.

Sijui kama ana haki. Najua kwamba tangu siku hiyo sijalisema tena neno "jina langu" kwa ujeuri ule wa zamani.

Ila gharama amezilipa. Vyeti vyake vya chuo vina jina la baba, pasipoti ina la mume, na alipotaka kusajiliwa kufanya kazi ya unesi hapa ilibidi kila karatasi isindikizwe na cheti cha ndoa. Amekitoa nakala, amekithibitisha kwa wakili, amekipiga picha kwa simu, amekituma kwa barua pepe saa nane za usiku. "Mume wangu mwenyewe," aliniambia, "sijawahi kumtazama kama nilivyokitazama kile cheti."

Karatasi zinavyozaana

Turudi kwa mdogo wangu, maana yeye hana muda wa falsafa.

Pasipoti ya Tanzania haitoki bila namba ya NIDA, kwa hiyo kilichoandikwa NIDA ndicho kinachoingia kwenye pasipoti. Viza inafuata pasipoti. Ukifika Uingereza zile kadi za plastiki za ukaazi hazipo tena, ziliisha muda wake tarehe 31 Desemba 2024. Sasa kuna viza ya kidijitali kwenye akaunti ya mtandaoni, nayo inafuata pasipoti. Mwajiri, mwenye nyumba, wote wanaangalia hiyo. Karatasi moja ikizaa nyingine na nyingine, kosa la kwanza linakuwa bibi wa wengi.

Wanaoumia zaidi, kwa niliyoyaona, si waliochukua jina la mume wala waliobaki na la baba. Ni waliogawanyika. Dada mmoja tunayekutana mlangoni kwa madrasa alifika kwa jina la baba, akapenda kumfurahisha mume, akapeleka cheti cha ndoa benki na kwa daktari akabadilisha. Hapa ni rahisi hivyo, cheti cha ndoa kinatosha, hakuna anayekuuliza. Lakini Home Office, wizara yao inayoshughulikia uhamiaji, wanakaa na jina la pasipoti, na pasipoti yake ilikuwa ileile. Alipopata kazi, mwajiri akaona mtu mmoja kwenye taarifa ya benki na mwingine kwenye ruhusa ya kufanya kazi. Ilichukua muda mrefu kunyoosha, na kazi haikumsubiri.

Halafu kuna tahajia. Hapa Watanzania tuna mtihani wetu wa pekee. Baba ni Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Muhammad shuleni, Mohammed kwenye kadi ya kliniki. Salum ni Salim, Hamisi ni Khamis. Kila mwandishi wa daftari alikuwa na masikio yake. Nilimwambia mdogo wangu hayo yote ayaweke kwenye majina mengine, kila moja kama lilivyoandikwa, na wakili amwandikie kiapo kwamba ni mtu mmoja. Kuandika mengi si aibu. Kuficha ndiko kubaya: ukionekana umedanganya kwenye ombi, mlango unaweza kufungwa miaka 10.

Hayo yalikuwa mepesi. Swali lake la kweli lilikuwa lile lingine.

Kurudi kwenye jina la baba kunawezekana. Ni hati ya kubadili jina kwa mara nyingine, NIDA kwa mara nyingine, pasipoti nyingine, na pesa yake. Lakini cheti cha kifua kikuu kinaishi miezi 6, na chake kilishaanza kuhesabu. Hati za mshahara za mumewe zinatakiwa zifunike miezi 6, na zisiwe za zamani kupita siku 28 kabla ya ombi kuingizwa. Kila wiki ya kusubiri NIDA ilikuwa inazioza. Mumewe anafanya kazi ghalani, saa zake zinapanda na kushuka, na ile miezi 6 mizuri iliyofikisha kiwango hakukuwa na hakika itarudi.

Nilimweleza yote hayo kwa simu, polepole. Nilijitahidi sauti yangu isiegemee upande wowote, na nadhani iliegemea.

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Basi niache la mume liende. La baba nitaliandika pale kwenye majina mengine. Nikifika nitalirudisha, au nisilirudishe. Dada, mimi nataka kumwona mume wangu."

Nikasema sawa, mdogo wangu.

Kilichoniuma, na bado kinaniuma, si jina alilobeba. Shoga yangu wa Moshi amebeba hilohilo na ameshiba nalo. Ni ile sahihi aliyoitia pale alipoonyeshwa. Jina lilibadilishwa siku ambayo hakuna aliyekuwa analiwaza, katikati ya picha za harusi na sahani za pilau zilizobaki. Lilipofika kwenye fomu ya viza, mahali ambapo sote tunadhani uamuzi unafanyika, lilikuwa limekwisha kukauka. Ningekuwa na uwezo ningewaambia wasichana wetu wafanye kikao cha jina kabla ya kikao cha mahari. Mahari yenyewe tunaiandika mpaka shilingi ya mwisho, iliyolipwa na iliyobaki. Jina tunamwachia shemeji.

Kidogo kuhusu wengine

Nina ndugu yuko Montréal. Nilipomweleza haya alicheka, maana kwao Québec hakuna cha kuchagua. Tangu 1981 sheria yao inasema mke na mume kila mmoja anabaki na jina lake, na anatumia hilo katika haki zake zote. Kuna mabibi wa Kizungu huko wanalalamika wamenyimwa raha ya kuchukua jina la mume. Ufaransa wana sheria ya tangu Mapinduzi, ya 1794, kwamba hakuna raia atakayebeba jina lisilo la cheti chake cha kuzaliwa. La mume unaweza kulitumia kama la matumizi, likaandikwa pembeni, lakini la kuzaliwa halifutiki. Kwa hiyo tunapoambiana "Ulaya mke hutumia jina la mume", tunaisema England na kuibandika bara zima.

Bahati mbaya fomu yetu ni ya England.

Nyumba moja, majina matatu

Mwanangu wa kwanza alizaliwa hapa. Mtoto anatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 42, na msajili hana shida na jina la ukoo utakalotaja, ni hiari ya wazazi. Sisi tukafuata ya kwetu bila kufikiri mara mbili: jina lake, la baba yake, la babu yake. Babu yake ni mkwe wangu. Kwa hiyo kisanduku cha ukoo cha binti yangu kina jina la mkwe wangu.

Hebu hesabu. Mimi ukoo wangu ni babu yangu. Mume wangu ukoo wake ni babu yake. Mtoto ukoo wake ni babu yake. Nyumba moja, majina matatu ya mwisho, na hakuna mtalaka hata mmoja.

Mhudumu wa afya aliyekuja kumpima mtoto aliangalia karatasi zake, akaniangalia, akauliza kwa upole kabisa kama baba wa mtoto anaishi nasi. Mume wangu alikuwa jikoni anakaanga samaki.

Uwanja wa ndege ndiyo sehemu inayonitia joto. Ofisa wa mpakani ana haki ya kuuliza uhusiano wenu pale mzazi na mtoto wana majina tofauti, na serikali yao inashauri ubebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto au cha ndoa. Nabeba vyote. Safari moja binti yangu aliulizwa, "Huyu ni nani?" Akajibu, "Mama," kisha akajificha nyuma ya mguu wangu kama mtoto aliyeibwa. Ofisa akatabasamu. Mimi mgongo wote ulikuwa umelowa.

Ni baada ya safari hiyo ndipo mume wangu aliposema, nusu utani, "Sasa si tulinganishe tu?" Alikuwa na maana mimi nilinganishe. Na wakati wenyewe ndio huu, kwa sababu ukaazi wa kudumu ninao na naandaa ombi la uraia. Uraia nao una fundo lake. Kwa kawaida wanataka jina unaloomba nalo lilingane na la pasipoti ya kwenu. Na Tanzania haimruhusu mtu mzima uraia wa nchi mbili, kwa hiyo nikishakula kiapo, ile pasipoti ya Tanzania si yangu tena. Kama nataka kubadili jina, nibadili sasa, ningali Mtanzania, kwa NIDA na kwa Uhamiaji, nikaipate pasipoti mpya ambayo nitaisalimisha muda si mrefu.

Nimelifikiria kwa haki. Nimejaribu hata kuliandika kwenye karatasi, jina langu, la baba, na la yule mzee wa Wete. Halikuwa baya. Nilikumbuka maneno ya shoga yangu. Nikakumbuka pia kwamba uraia tayari unanitaka niache kitu kimoja cha kwetu, na sikuona kwa nini niongeze cha pili kwa kupenda mwenyewe. Ombi nitalipeleka kama nilivyo.

Mume wangu alipokea vizuri. Akakaa siku mbili, akaja na wazo jipya. Wa pili anatarajiwa Aprili. Huyu, anasema, tumwandikie ukoo wa pasipoti yake yeye, ule wa babu yake, ili angalau watu wawili ndani ya nyumba wafanane. Nikamwuliza: na dada mtu atakuwa na ukoo tofauti na mdogo wake wa tumbo moja? Akafikiri. Akasema basi na wa kwanza tumbadilishie, tuondoe lile la sasa.

Lile la sasa ni la baba yake. Mzee yuko Wete, mzima wa afya, kila Ijumaa anapiga simu kumuulizia mjukuu aliyebeba jina lake, na suala hili hajaambiwa.